Igisoro na simu, hapa Kanombe

Huku Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, watu wanalalamika eti gemu za simu zimeua michezo ya zamani. Sisi tunaona kesi yenyewe si nyepesi hivyo.

Tuchukue igisoro. Mashimo 32, safu 4 za 8, kete 64, kila mchezaji 32. Waganda wana omweso wao, na pwani kuna bao la Kiswahili: mashimo na kete ni idadi ileile, sheria ndizo tofauti. Mchezo huu umevuka mipaka kutushinda sisi wakimbizi! Tena ubao si lazima. Unachimba mashimo chini, unaokota vijiwe, mnacheza. Kambi ya Kiziba ilianza 1996. Mzee aliyefika kule bila hata sufuria, igisoro alifika nayo kichwani.

Simu nayo si ya jana. Nokia iliweka gemu ya nyoka mwaka 1997, lakini kwetu simu ilikuwa moja nyumba nzima, tunapokezana, wengine wanachungulia begani. Huo bado ulikuwa mchezo wa familia, tukubali. Mambo yaligeuka kila mtu alipopata skrini yake. Free Fire, iliyotoka 2017, unacheza na wenzako pia, hatukatai, ila babu hayumo.

Na babu ndiye mwenye sheria. Kila mzee ana zake, hazijaandikwa popote kambini kwetu. Mwenye simu yenye chaji amfuate mmoja wiki hii, amrekodi akicheza, kisha atutumie hapa.