Muuguzi aliyetangulia kuandika somo la kompyuta

Tukitaja PLATO, sisi tunaoandika programu hukumbuka mambo yale yale: skrini ya plazma iliyobuniwa mwaka 1964, gumzo la Talkomatic la mwaka 1973, na michezo ambayo wanafunzi walikesha wakiicheza. Ni sifa za haki. Lakini kuna ukurasa mmoja wa historia hiyo ambao wengi wetu huuruka, na nadhani ndio wenye funzo kubwa kwa yeyote anayetengeneza programu za masomo hapa Kenya. Ukurasa huo uliandikwa na muuguzi.

Kwanza tulielewe tatizo lenyewe. Mtu hajifunzi kazi ya mikono bila kukosea. Mwandishi wa programu akikosea, programu inakwama, anaitengeneza, anaendelea na chai yake. Mwanafunzi wa uuguzi akikosea kipimo cha dawa, anayeumia ni mgonjwa, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Kwa hiyo mwalimu wa uuguzi ana swali gumu: nitampa wapi mwanafunzi huyu nafasi ya kukosea?

Jibu moja lilipatikana mwaka 1911 katika chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford, Connecticut, Marekani. Mkuu wa chuo, Lauder Sutherland, alimwagizia fundi wa wanasesere, Martha Jenks Chase wa Pawtucket, Rhode Island, mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, anayekunjika nyonga, magoti na viwiko. Akaja kujulikana kwa jina la Mrs. Chase. Wanafunzi walimgeuza, walimvisha, walimhamisha kutoka kitandani. Toleo la mwaka 1914 liliongezewa mahali pa kudunga sindano mkononi na chombo cha ndani cha kufanyia mazoezi mengine ya matibabu. Tazama jambo hilo vizuri: mtumiaji ameagiza, fundi ametengeneza, mtumiaji amejaribu, toleo jipya limetoka. Hiyo ndiyo kazi yetu, nusu karne kabla yetu!

Lakini Mrs. Chase alikuwa na upungufu mmoja. Hakujibu. Ungeweza kumwogesha vizuri sana, lakini hukuweza kumuuliza maumivu yameanza lini, wala kuona hali yake ikibadilika kwa sababu ya uamuzi wako.

Hapo ndipo PLATO inapoingia. Mfumo huu ulianza mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana, chini ya mhandisi Donald Bitzer. Mwanzoni ulitumia kompyuta ya ILLIAC I, ambayo kumbukumbu yake kuu ilikuwa maneno 1,024 ya biti 40, yaani kilobaiti 5 tu, na ulihudumia mwanafunzi mmoja kwa wakati. Baadaye ulihamia kwenye CDC 1604, ambayo nayo haikufika kilobaiti 200. Picha moja ya simu yako haiingii humo.

Mke wa Donald, Maryann Bitzer, alikuwa muuguzi. Mwaka 1963 alitoa utafiti wake wa kufundisha uuguzi kwa PLATO. Wanafunzi walitoka katika chuo cha wauguzi cha hospitali ya Mercy, pale pale Urbana, na somo lilihusu huduma kwa mgonjwa wa moyo.

Kinachonishangaza ni namna alivyolipanga. Angeweza kuchukua daftari la mhadhara, akalichapa, akaligawa kurasa kurasa kwenye skrini. Hivyo ndivyo masomo mengi ya mtandaoni yanavyotengenezwa hadi leo. Yeye aliweka mbele ya mwanafunzi mgonjwa wa kuigiza na maabara ya kuigiza. Mwanafunzi alitumia kibodi kuuliza, kutafuta habari za mgonjwa, kujaribu hatua fulani na kuona matokeo. Hakuambiwa jibu, alilitafuta. Akikosea, hakuna aliyeumia.

Nani angeweza kuandika somo kama hilo? Mhandisi peke yake hangeweza. Hajui mwanafunzi wa mwaka wa pili huchanganya nini na nini anaposimama kando ya kitanda. Muuguzi anajua, kwa sababu amewaona wengi wakichanganya.

Watu wa PLATO walilielewa hilo. Mwaka 1967 Paul Tenczar, aliyekuwa mwanafunzi wa biolojia, alianza lugha ya programu iitwayo TUTOR, ili mwalimu aweze kuandika somo mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na amri za kutaja jibu sahihi, na nyingine za kutaja kosa linalotarajiwa na maneno ya kumwambia aliyelifanya. Lugha ilimtaka mwalimu afikirie makosa mapema. Ni lugha chache nizijuazo zenye adabu hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la Kenya, AMREF, Wizara ya Afya, vyuo vya mafunzo na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi zaidi ya 20,000 kutoka cheti hadi diploma. Wengi wao walisoma kabla ya UKIMWI kujaza wadi zetu. Kwa nafasi zilizokuwapo darasani, kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Na sista wa zahanati kule Turkana akienda Nairobi kusoma, nani atabaki na wagonjwa? Basi kompyuta zikapelekwa karibu na wauguzi, wakasoma huku wakiendelea na kazi, na mazoezi ya vitendo wakayafanya wadini chini ya wasimamizi. Kumbuka nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Walianza bila intaneti ya kujivunia. Lengo la miaka 5 halikutimia kwa wakati, lakini maelfu walihitimu, na baadaye AMREF ilipeleka masomo hadi kwenye simu ya mkononi.

Nimewahi kuona chuo kimoja ambacho kompyuta zake zilikuwa zimefunikwa vitambaa, mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Vifaa vilikuwa vizuri kuliko chochote alichokuwa nacho Maryann Bitzer. Kilichokosekana ni mwalimu wa hapo kuwa na somo lake ndani ya mashine zile. Hakuwa na sababu ya kuutafuta ufunguo.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kutengeneza programu ya kufundisha wauguzi, usianze na skrini. Nenda wadini, kaa na sista aliyefundisha miaka mingi, umwombe akuorodheshee makosa 10 ambayo wanafunzi wake hurudia. Orodha hiyo ndiyo programu yako. Na jina lake liandikwe pamoja na lako, kwa sababu sehemu ngumu ameiandika yeye.