McChrystal na mageuzi ya makomando wa Marekani

Kamandi ya Pamoja ya Operesheni Maalumu ya Marekani, JSOC, iliundwa Desemba 1980, miezi michache baada ya jaribio la kuwaokoa mateka nchini Iran kuvunjikia jangwani na kugharimu maisha ya askari 8. Kwa miaka zaidi ya ishirini ilijengwa kwa operesheni chache, kila moja ikifanyiwa mazoezi marefu. Vita vya Iraq viliuonyesha udhaifu wa mtindo huo.

Jenerali Stanley McChrystal alipoishika kamandi hiyo mwaka 2003, makomando wake waliwashinda wapiganaji wa Abu Musab al-Zarqawi, kiongozi wa al-Qaeda nchini Iraq, karibu kila walipokutana nao, lakini vita vilizidi kupamba moto. Tatizo lilikuwa baada ya msako. Nyaraka, simu na kompyuta zilizokamatwa zilitiwa magunia na kupelekwa Baghdad, zikakaa bila kufunguliwa hadi habari zilizomo zikachakaa. Waliovamia, wachambuzi, CIA na FBI kila mmoja alikumbatia alichokijua.

McChrystal alihamishia makao ya operesheni kwenye kambi ya ndege ya Balad, kaskazini mwa Baghdad, na kuwaweka makomando na majasusi chini ya paa moja. Mkuu wake wa ujasusi, Michael Flynn, aliimarisha uchambuzi na mahojiano. Kila siku ulifanyika mkutano kwa njia ya video, uliokua hadi kuwaunganisha maelfu ya watu kutoka Iraq hadi Washington. Maofisa hodari walipelekwa kufanya kazi katika mashirika mengine, uamuzi mgumu kwa kamanda yeyote aliye vitani, na pengine ndio uliozaa imani kuliko mitambo yote. Droni zilifuatilia nyendo za washukiwa, na kilichopatikana katika nyumba moja kiliweza kuelekeza msako mwingine usiku uleule.

Agosti 2004 kikosi kilifanya misako 18; Agosti 2006 ilifikia 300. Zarqawi mwenyewe aliuawa Juni 2006 karibu na Baquba, baada ya mshauri wake wa kidini kufuatiliwa kwa wiki kadhaa.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama isiyopaswa kufichwa. Nyumba za wasio na hatia zilivamiwa usiku, na mahabusu waliteswa katika kituo cha Camp Nama, Baghdad. Askari kadhaa waliadhibiwa.

Mwaka 2008 William McRaven alirithi kamandi. Septemba 2009 makomando walimuua nchini Somalia Saleh Ali Saleh Nabhan, Mkenya aliyetafutwa kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la 2002, na Mei 2011 walimuua Osama bin Laden mjini Abbottabad, Pakistan. McChrystal, aliyekuwa amekabidhiwa vita vya Afghanistan, alikwishapoteza uongozi huo Juni 2010, kufuatia makala ya jarida yenye kauli za dharau za wasaidizi wake dhidi ya viongozi wa kiraia. Mwaka 2015 alishiriki kuandika kitabu, Team of Teams, kinachopeleka mafunzo ya Balad kwa wasimamizi wa kampuni na taasisi.