Mvumo masikioni

Waulize waliotibiwa malaria kwa kwinini. Watakueleza uchungu wake mdomoni, kisha watakueleza masikio: sauti kama ya nyenje, au mluzi mwembamba usiokatika, ilhali chumba kimetulia na hakuna mwingine anayeusikia. Kwa wengi hali hiyo iliondoka dawa ilipokwisha mwilini. Wapo ambao kwao haiondoki, iwe walipata kutumia kwinini au la. Madaktari huiita tinitasi, kutoka kitenzi cha Kilatini tinnire, yaani kulia kama kengele.

Sisi husema masikio yanalia, yanapiga kelele, yanavuma. Kinacholia huwa kipo: simu, kengele, mtoto. Kelele nazo zina mwenyewe, na mtu anaweza kumwomba anyamaze. Lakini upepo huvuma, bahari huvuma, ngoma ya kijiji cha mbali huvuma. Sauti imejaa mahali na msikiaji haoni inakotoka. Ndiyo sababu nachagua mvumo kuwa jina la tinitasi. Tujihadhari tu tusiandike uvumi, maana huo ni habari ya mitaani isiyo na uhakika, na mgonjwa wa hali hii tayari amechoka kutoaminiwa.

Linabaki swali ninaloliona zito zaidi: mvumo wa masikio, au mvumo masikioni? Wa masikio hufanya sikio kuwa mwenye sauti. Masikioni hutaja mahali inaposikika, basi. Utafiti unaunga mkono neno la pili. Wapo wagonjwa waliokatwa neva ya usikivu, na mvumo ukabaki. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni haya: seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikifa kwa makelele, uzee au dawa kama gentamaisini, kwa binadamu hazioti tena. Ubongo unapungukiwa habari, nao unajitahidi kufidia, mithili ya mtu anayeongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni mpaka mkwaruzo ukajaa nyumba nzima. Wanasayansi huifananisha hali hiyo na ya mtu aliyekatwa mguu anayeendelea kuumwa na kidole ambacho hakipo.

Tiba zinazotafutwa nazo zimeanza kuhama kutoka sikioni. Dawa ya majaribio OTO-313, iliyodungwa kupitia kiwambo cha sikio, ilishindwa mwaka 2022 kuizidi dawa bandia ya kulinganishia. Hadi sasa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya mvumo. Kilichopata ruhusa yake, mwaka 2023, ni kifaa cha Lenire kutoka Ireland, kinachochezesha sauti kwenye vipokea sauti huku kikipitisha umeme hafifu ulimini. Jaribio lake kubwa lilikuwa na watu 326, wengi wao wakaripoti nafuu, ila halikuwa na kundi la kulinganishia lililopewa kifaa bandia, na kwangu hilo ni pengo.

Kazi inayonipa matumaini zaidi ni ya Susan Shore wa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye alichunguza kituo cha kwanza cha sauti katika shina la ubongo, ambapo habari za sikio hukutana na hisia za uso na shingo. Ndiyo maana wagonjwa wengine wakikaza taya mvumo hubadilika. Kifaa chake huoanisha sauti na umeme hafifu shavuni au shingoni. Katika jaribio la watu 99 lililochapishwa mwaka 2023, waliopata vyote viwili walipungukiwa na mvumo kuliko walipopata sauti peke yake. Wote waliochaguliwa walikuwa na mvumo unaobadilika kwa kusogeza taya au shingo. Wenye mvumo usiobadilika hivyo bado wanasubiri.

Kuna pia neno linaloufuata mvumo. Wengi huandika sugu, lakini sugu hukumbusha vimelea vinavyoshinda dawa. Kudumu nako kunakumbusha ulemavu wa kudumu. Yote mawili yanamfungia mgonjwa mlango. Napendekeza mvumo wa muda mrefu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 kuhusu hali hii huhesabu muda huo kuwa miezi 6 au zaidi. Tena mateso yake hupungua hata sauti ikibaki: tiba ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kubadili fikra na namna anavyoupokea mvumo, ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza mateso hayo.

Kwa hiyo, ukiambiwa hakuna la kufanya, usikubali. Omba upimwe usikivu, taja kila dawa unayotumia, wala usiiache mwenyewe bila daktari kujua. Na kama mvumo uko sikio moja tu, au unadunda sawia na moyo, usingoje uzoeleke. Muone daktari wa masikio mapema.