Picha Niliyopiga Bila Kushuka

Katika kabati langu kuna bahasha ya kaki yenye picha moja ambayo sijawahi kuiweka katika albamu. Ni picha mbaya. Pembeni kulia umeonekana mkono wa usukani wa pikipiki, chini kuna ukungu wa vumbi, na katikati yamesimama maumbo mawili yaliyovutika kama rangi iliyopanguswa kwa kitambaa. Umbo refu ni tanuri la kuyeyushia chuma la mababu wa Wafipa. Umbo fupi ni mzee ambaye ameinua mkono. Niliipiga Oktoba 1983, na kwa miaka mingi imenifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani, ingawa maisha yangu yote nimekuwa mwalimu wa walimu.

Ili msomaji anielewe, yafaa kwanza nieleze lile tanuri lilikuwa kitu gani.

Watu wengi wanaofika Sumbawanga husikia habari ya jina la mji wetu, yaani "tupa uchawi", wakacheka kidogo, wakaendelea na safari. Wachache huambiwa kwamba nyanda hizi za juu za Ufipa zilikuwa karakana kubwa ya chuma. Kabla ya majembe ya dukani kuenea, majembe, shoka na mikuki ilitoka katika matanuri yaliyoitwa malungu. Yalijengwa kwa udongo, yakapanda juu hata kufikia mita tatu hivi, na chini yakazungukwa na matundu ya kuingizia hewa. Ajabu yake ni kwamba hayakuhitaji mivukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kama dohani. Mawe ya chuma na makaa yalipangwa ndani, moto ukawashwa, nao ukajiendea. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na uchafu, kwa hiyo kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha. Kazi hiyo iliandamana na miiko na dawa. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wa kazi, na tanuri lenyewe lilihesabiwa kama bibi harusi.

Majembe ya ng'ambo yalipozidi kuingia wakati wa ukoloni, kazi ile ilififia. Hata hivyo wapo waliotambua thamani yake. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya Greig juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa mwaka 1937, na makala za Wise mwaka 1958. Baada ya Uhuru, Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969, na baadaye Profesa Bertram Mapunda akafanya utafiti mkubwa wa mambo ya kale huku kwetu. Nami, mtu wa papa hapa, nilikuwa na pikipiki, kamera na nafasi ya kupita vijijini kila mwezi. Nilichofanya nacho ndicho ninachokisimulia.

Mwaka 1983 nilikuwa mkufunzi kijana. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwatembelea wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa na Suzuki ya sisi 125 na kamera ya Kirusi, Zenit, niliyouziwa na rafiki aliyerudi kutoka masomoni. Kamera ile ilikuwa nzito kama tofali, lakini kipimo chake cha mwanga hakikuhitaji betri, na hilo halikuwa jambo dogo katika miaka ile ambayo hata betri za redio zilitafutwa kwa kujuana. Mkanda wa picha ulikuwa adimu kuliko petroli, na petroli nayo ilikuwa adimu. Mkanda wa picha thelathini na sita ungeweza kunikalia miezi minne.

Siku ile nilikuwa natoka upande wa Namanyere. Ilikuwa karibu saa saba mchana, mawingu ya mvua za kwanza yakijikusanya, nami nilitaka kufika mjini barabara ikiwa bado kavu. Kwenye kona moja niliona tanuri limesimama shambani, zima, hatua thelathini hivi kutoka njiani. Mzee mmoja alikuwa kando yake. Aliponiona aliinua mkono. Nami, kwa akili ya ujana, niliona hiyo ndiyo picha: tanuri, mzee, salamu. Sikusimama. Nilirudisha mafuta, nikaiacha pikipiki ijiendee, nikainua kamera kwa mikono miwili, nikabonyeza, nikashika usukani tena. Nilijiona fundi.

Sasa tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ile. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri mita 11 kwa sekunde. Kama kamera inafunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, mpiga picha amekwisha kusogea sentimita 18 kabla haijafunga. Hata kwa kasi kubwa kabisa ya Zenit, sehemu moja ya mia tano, amesogea zaidi ya sentimita 2. Ongeza mtetemo wa injini na matuta ya changarawe. Hakuna lenzi itakayomwokoa mtu huyo. Uso wa binadamu hauhitaji kusogea sana ili upotee.

Mkanda ulipelekwa Dar es Salaam kusafishwa, ukarudi baada ya miezi miwili. Niliitazama ile picha, nikaiweka kando, nikasema nitapita tena. Masika yalipita, kiangazi kikapita. Niliporudi mahali pale mwaka 1984, tanuri lilikuwa limeanguka upande mmoja kwa mvua, na mzee alikuwa amefariki. Mama mmoja alitoka kwenye nyumba ya karibu, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndiye wa pikipiki? Ile picha ya baba umekuja nayo?"

Kumbe mzee alikuwa amewaambia watu wote wa nyumbani kwamba amepigwa picha. Nao hawakuwa na picha yake nyingine. Niliporudi safari iliyofuata niliwaletea nakala. Yule mama aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akasema kwa upole, "Huyu anaweza kuwa mtu yeyote." Kisha akanieleza jambo ambalo bado linaniuma. Baba yake hakuwa akinisalimia. Alikuwa akinisimamisha. Alipoiona kamera ikining'inia shingoni mwangu alitaka nimngoje aingie ndani akachukue nyundo ya baba yake, aliyekuwa myeyushaji, apigwe picha nayo mkononi. Mwenyewe, alipokuwa mtoto, alikuwa akivuta mivukuto ya kintengwe. Mtu aliyeijua kazi ile kwa mikono yake aliniita, nami nikampita kwa haraka ya dakika kumi.

Tangu hapo nimekuwa nikitafakari juu ya wapiga picha wa zamani. John Kirk na Charles Livingstone walibeba kamera katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858. Vifaa vyao vilikuwa mizigo ya kuchukuliwa na watu, na kamera za enzi hizo zilidai kusimamishwa chini, na anayepigwa picha atulie. Hawakuweza kupiga picha wakiwa mbioni hata kama wangetaka. Uzito wa vyombo vyao uliwalazimisha kusimama. Sisi wa pikipiki tumeondolewa uzito huo, na pamoja nao tumeondolewa sababu ya kusimama. Kwa hiyo hatuna budi kujiwekea sababu wenyewe.

Kuanzia mwaka 1984 nilijiwekea kanuni, nami nazitoa hapa kwa yeyote apandaye pikipiki na kamera.

Kanuni ya kwanza ni kushuka na kuzima injini. Kuzima, si kuiacha ikinguruma. Injini ikizimwa, mwenye shamba anajua kwamba una nafasi ya kuzungumza. Amkia, jitambulishe, omba ruhusa. Mara nyingi picha niliyoiona nikiwa njiani haikuwa picha yenyewe. Picha yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba, au ndani, kama ile nyundo.

Kanuni ya pili ni kulijua jua la mahali pako. Sisi wa Sumbawanga tuko magharibi sana, lakini tunafuata saa moja na watu wa pwani, kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari husimama utosini. Saa hiyo uso wa mtu mwenye kofia huwa shimo jeusi, na ardhi huonekana bapa kama meza. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Matuta ya ntumba, ambayo Wafipa hufukia ndani yake nyasi ili zioze ziwe mbolea, huonekana vizuri asubuhi kwa sababu kila tuta lina kivuli chake. Na matundu ya malungu yanayoelekea mashariki huingiwa na mwanga asubuhi, hata unaona unene wa ukuta. Fahamu pia kwamba Agosti na Septemba moshi wa mbuga zinazochomwa hufunika bonde la Rukwa. Ukitaka kulipiga bonde kutoka ukingoni mwa nyanda za juu, nenda mvua zikishakatika, Mei au Juni, hewa ikiwa imeoshwa.

Kanuni ya tatu ni kipimo. Picha ya tanuri peke yake haisemi kama lina urefu wa mita moja au mita tatu. Mimi nilipima kiti cha pikipiki yangu kutoka chini, nikapata sentimita 80. Tangu hapo niliiegesha pikipiki kando ya kila kitu cha kale nilichokipiga, nayo ikawa rula yangu.

Kanuni ya nne ni kuitunza kamera na kujitunza mwenyewe. Usiifunge kamera kwenye keria, kwa maana mtetemo hulegeza skrubu zake. Usiining'inize kifuani ukiwa unaendesha, maana ukianguka itakuvunja mbavu. Niliifunga katika mfuko wa nailoni, nikaiviringisha kwa kipande cha blanketi, nikaibeba mgongoni. Taabu ya kuifungua iligeuka faida, kwa sababu ilinilazimu kusimama.

Kanuni ya tano ni kuandika na kurudisha. Nyuma ya kila picha andika mahali, tarehe, jina, na umetazama upande gani. Kisha mpelekee mwenyewe nakala yake. Picha ya mtu ambayo yeye hajaipata ni deni.

Mwaka 1991 niliwachukua wanachuo wanane hadi kwenye tanuri lingine lililokuwa bado zima. Nilitangulia kwa pikipiki, wao wakafuata kwa baiskeli. Tulifika saa moja na nusu. Tulipiga picha kumi na mbili, tukilizunguka pande zote, pikipiki ikiwa imeegeshwa kando, na mwanachuo mmoja akiandika. Tanuri hilo nalo leo ni kichuguu cha udongo mwekundu. Lakini mwaka juzi mjukuu wangu alihesabu matundu yake yote kwa kuziangalia picha zile mezani, akakadiria urefu wake kwa kutumia kiti cha pikipiki. Hakupata kuliona, na bado alilipima.

Siku hizi barabara ya Tunduma ni ya lami, vijana wa bodaboda wamejaa, na karibu kila mmoja ana simu yenye kamera inayoishinda Zenit yangu kwa mbali. Simu hata hutunza yenyewe tarehe na saa. Nimewaona wakipiga picha mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye mafuta. Mbali na hatari ya kuvunjika shingo, nawaambia kwamba simu haitawaandikia jina la mzee waliyempita, wala haitawaambia kwa nini aliinua mkono.

Yule mama sasa ni bibi kizee kama mimi nilivyo mzee. Mwaka jana nilipelekwa kwake na mjukuu wangu kwa pikipiki. Injini ilipozimwa nilimweleza nilichokuja kufanya. Aliniambia ningoje. Aliingia ndani, akakaa muda, akatoka amebadili kanga na ameishika ile nyundo ya babu yake. Alisimama pale lilipokuwa tanuri, ambapo sasa pameota nyasi, uso wake ukielekea jua la asubuhi. Tulisafisha nakala mbili. Nyuma ya kila moja nimeandika jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake, kama alivyonitajia mwenyewe. Nakala moja iko kwake. Ya pili nimeitia katika bahasha ya kaki, pamoja na ile mbaya ya mwaka 1983.