Historia ya Walioishi kwa Kuitazama Moscow

Kazi ya kuichunguza Ulaya ya Mashariki haikuzaliwa na ukomunisti. Oktoba 1915, Vita Kuu ikiwa imepamba moto, Tomáš Masaryk, profesa aliyeikimbia dola ya Austria, alisimama King's College jijini London akatoa mhadhara wa kufungulia shule mpya ya masomo ya Waslavi. Alizungumzia mataifa madogo na hatima yao katika Ulaya iliyokuwa ikiungua. Miaka mitatu baadaye akawa rais wa Czechoslovakia. Tangu mwanzo, basi, elimu hii ilikuwa na mguu mmoja darasani na mwingine ikulu, na anayetaka kuielewa asiusahau huo wa pili.

Baada ya 1945 ikulu ndiyo iliyoshika usukani. Wakati wa vita, Geroid Robinson, mwanahistoria wa wakulima wa Urusi, aliongoza kitengo cha Kisovieti katika idara ya ujasusi ya Marekani, OSS. Vita ilipokwisha alirudi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Urusi, iliyosimama kwa fedha za Rockefeller. Harvard ikafuata mwaka 1948 kwa fedha za Carnegie, ikamkabidhi kituo chake Clyde Kluckhohn, mwanaanthropolojia aliyejipatia jina kwa kuwachunguza Wanavajo wa kusini-magharibi mwa Marekani. Si ajabu sana: wajuzi wa Urusi walikuwa wa kuhesabika, na pesa zilifika kabla ya watu.

Shida ilikuwa mlango. Nchi ya Stalin haikumfungulia mtafiti mgeni, kwa hiyo wakawafuata waliokwisha kutoka. Mwaka 1950 na 1951 timu ya Harvard ilipiga kambi Munich, ikawahoji mamia ya wakimbizi wa Kisovieti waliobaki Ujerumani baada ya vita. Waliulizwa habari za kazi na mishahara, shule na familia, na jinsi mtu wa kawaida alivyojipenyeza katika mfumo ili aishi. Mahojiano hayo yanasomwa hadi leo. Chimbuko jingine lilikuwa nyara za vita: Wajerumani waliyateka makabrasha ya Chama cha Kikomunisti mjini Smolensk mwaka 1941, Wamarekani wakayachukua kwa Wajerumani, na msomi Merle Fainsod akayaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1958. Ndani yake haionekani ile mashine iliyotangazwa kwenye mabango. Wanaonekana wakuu wa wilaya waliozidiwa na amri kutoka juu, na wananchi wanaoandika barua za malalamiko. Makabrasha yenyewe yalirudishwa Urusi mwaka 2002.

Asiyekuwa na karatasi wala shahidi alibaki na gazeti la Pravda na picha za gwaride: nani kasimama karibu na nani juu ya kaburi la Lenin, nani hayupo. Waliitwa wapiga ramli, ingawa zipo siku ramli yao ilitoka.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Marekani ikashikwa na hofu. Septemba 1958 Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na serikali ikaanza kulipia ufundishaji wa lugha za kigeni. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa, maana mfuko ule ule ulioneemesha Kirusi ndio uliokisaidia Kiswahili kupata walimu na wanafunzi katika vyuo vikuu vya Marekani.

Je, wachunguzi hao walikiona kifo cha Muungano wa Kisovieti kikija? Mwanahistoria Hélène Carrère d'Encausse aliandika jijini Paris mwaka 1978 kwamba dola ya Kisovieti ingepasuliwa na mataifa yaliyomo ndani yake. Alipatia ugonjwa, akakosea kiungo: macho yake yalikuwa kwa Waislamu wa Asia ya Kati. Lithuania ndiyo iliyotangulia kutangaza uhuru, Machi 1990, ilhali jamhuri za Asia ya Kati zilipiga kura kwa wingi mkubwa mwaka mmoja baadaye kutaka Muungano ubaki.

Desemba 1991 Gorbachev alijiuzulu, na kazi ya maisha ya watu wengi ikakosa jina. Jarida la Glasgow lililoanza mwaka 1949 kama Soviet Studies likawa Europe-Asia Studies mwaka 1993. Lakini jina lilikuwa jambo dogo. Sasa waliingia wageni waliokuwa wamechunguza anguko la madikteta wa Hispania na Amerika ya Kusini, wakasema Poland na Urusi zitapimwa kwa kipimo hicho hicho. Katika kurasa za jarida la Slavic Review, Philippe Schmitter na Terry Karl waliitetea hoja hiyo mwaka 1994. Valerie Bunce, mjuzi wa Ulaya ya Mashariki, akawajibu mwaka uliofuata kwamba huku hakikubadilika kiti cha mtawala tu, bali mali, mipaka na dola yenyewe. Naona Bunce alishinda hoja, lakini wakati ulikuwa wa wale wengine. Utandawazi ulikuwa wimbo wa siku, na mjuzi wa nchi moja alionekana mtu wa zamani. Mwaka 1996 baraza la utafiti wa sayansi za jamii la Marekani lilianza kuzivunja kamati zake za maeneo. Na hayo yalitokea wakati nyaraka zilipokuwa wazi, mtafiti akiweza kupanda treni hadi mji wowote wa mkoani na kuomba faili!

Ndani ya eneo lenyewe pia elimu ilibanwa: chuo kikuu alichokianzisha tajiri George Soros mwaka 1991 kilibanwa na sheria ya Hungary mwaka 2017, kikahamishia masomo yake Vienna mwaka 2019.

Februari 2022 mizinga ya Urusi nchini Ukraine ilifufua hofu ya zamani. Chama cha Marekani cha wanataaluma wa eneo hili kilichagua kuondoa ukoloni kuwa kaulimbiu ya mkutano wake wa 2023: kwa nini Ukraine na Uzbekistan zilisomwa kwa miwani ya Moscow miaka yote hiyo? Wapo wanaojibu kwamba Moscow ina mabomu ya nyuklia na lazima asomwe mwenye nayo. Wanapobishana, kazi imehama yenyewe. Watafiti wanawahoji Warusi waliokimbilia Tbilisi na Yerevan, na anayetaka faili za polisi wa siri wa Stalin huzitafuta Kyiv, ambako sheria ya mwaka 2015 ilizifungua kwa msomaji yeyote.