Kisu cha kukunja cha laki tano: wahunzi wa Mbulu na Hanang wanatufundisha nini?

Tuseme umepata nafasi ya kwenda kukusanya data Mbulu na Hanang. Miezi mitatu ya kutembea: Yaeda Chini, Basotu, miteremko ya Mlima Hanang. Begi limeshajaa, kimebaki kitu kimoja tu, kisu. Unaingia mtandaoni na kukutana na kisu cha kukunja cha dola 200. Ukipiga hesabu, ni karibu shilingi laki 5. Kinafunguka kwa kidole kimoja, ubavuni kimeandikwa jina la chuma chake, na walionunua wanakisifia utadhani ni gari jipya. Utoe hela au usitoe?

Nakuelewa, maana na mimi nimewahi kufika hapo, kidole kikiwa kimeshaelekea kwenye kitufe cha kulipia. Kilichonirudisha nyuma ni historia. Huko unakokwenda, watu wamekuwa wakiamua kisu kipi kinafaa kwa vizazi vingi, na waliamua vizuri bila kusoma tangazo hata moja. Tuanze nao, halafu turudi kwenye laki 5 yako.

Lugha nne, mhunzi mmoja

Mkoa wa Manyara ni mchanga, ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Lakini Mbulu na Hanang ni eneo la zamani la kukutana watu. Wairaqw, wakulima wa nyanda za juu za Mbulu, wanaongea lugha ya Kikushi. Wadatoga, wakiwemo Wabarbaig wa tambarare za Hanang, ni wafugaji na lugha yao ni ya Kiniloti. Wahadzabe wa Yaeda na Ziwa Eyasi ni wawindaji na warina asali. Lugha yao ina vidoko na haina ndugu anayejulikana. Jirani kabisa wapo Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Sehemu za Afrika zenye mchanganyiko kama huo ni za kuhesabu.

Sasa fikiria: mkulima anataka jembe, mfugaji anataka mkuki na kisu cha kuchinjia, mwindaji anataka kichwa cha mshale. Nani anawatengenezea? Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na wahunzi wa Kidatoga, watu wa ukoo unaoitwa Gidang'odiga. Kiwanda chao ni moto wa mkaa, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, nyundo na kipande cha chuma kinachotumika kama fuawe. Malighafi ni mabaki: misumari, springi za magari, makufuli mabovu, koki za maji zilizochoka. Vya shaba vinayeyushwa vinakuwa bangili, vya chuma vinafuliwa vinakuwa visu na mishale. Wahadzabe wamekuwa wakija na asali na ngozi na kuondoka na vyuma.

Hapa kuna jambo la kusikitisha. Wahunzi hawa, ambao kila mtu anawahitaji, wametengwa kwa muda mrefu. Kwa desturi, Wadatoga wengine hawaoi wala hawaolewi katika ukoo wa wahunzi. Mtu anachinjia ng'ombe wa sherehe kwa kisu cha mhunzi, lakini hataki mhunzi awe mkwewe. Shika hilo, tutalirudia mwishoni.

Chuma hakijui bei

Twende kwenye sayansi kidogo. Kinachofanya chuma kishike makali ni kaboni. Msumari wa kawaida una kaboni kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 0.2. Ukiupasha moto na kuuchovya kwenye maji, hautakuwa mgumu kiasi cha maana. Ndiyo maana Wahadzabe wanapotengeneza mishale yao wenyewe, wanaugonga msumari ukiwa baridi, kwa mawe. Kule kugonga tu kunabana mpangilio wa ndani wa chuma na kukifanya kiwe kigumu zaidi. Ni kweli makali yake hayadumu. Lakini mshale wa mnyama mkubwa umepakwa sumu, na sumu ndiyo inayoua. Chuma kazi yake ni kuipitisha kwenye ngozi. Kwa kazi hiyo, msumari unatosha.

Springi ya gari ni habari nyingine. Chuma chake huwa na kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, na hapo ndipo kisu cha kweli kinapoanza. Mhunzi anakipasha hadi kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, kama nyuzi joto 800 hivi za Selsiasi. Hana kipimajoto, anasoma rangi, na anaisoma vizuri zaidi kivulini kuliko juani. Ukikizamisha ghafla kwenye maji au mafuta, kaboni inanaswa ndani kabla haijapata pa kwenda, na chuma kinakuwa kigumu kama kioo. Tatizo ni kwamba kioo huvunjika. Kwa hiyo kinarudishwa motoni kidogo, nyuzi 200 na ushee, mpaka uso uliong'arishwa uonyeshe rangi ya majani makavu. Ugumu unapungua kidogo, uimara unaongezeka.

Hatua hizo mbili, kuzamisha na kurudisha motoni, ndizo zinazofanyika pia kwenye viwanda vya visu Ulaya na Marekani. Wao wana tanuri za umeme na vipimo, mhunzi ana jicho lake. Tofauti ni kwamba kiwanda hakikosei mara nyingi, wakati kwa mhunzi kisu kimoja kinaweza kutoka safi na cha pili kikawa laini. Usisahau hilo unapolinganisha.

Mnyama wa Ituri, kisu cha Solingen

Sasa tuje kwenye visu vya kukunja. Si uvumbuzi wa jana, Warumi walikuwa navyo karibu miaka 2,000 iliyopita. Lakini kilichovifanya viwe bidhaa ya kila mfuko ni viwanda vya karne ya 19. Joseph Opinel alianza kutengeneza chake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Karl Elsener wa Uswisi alifungua karakana mwaka 1884, akaanza kulipelekea jeshi visu mwaka 1891, na kampuni yake leo tunaijua kama Victorinox.

Cha kutuhusu zaidi kilitoka Solingen, mji wa Ujerumani unaofua visu na panga tangu zama za kati. Mwaka 1901 wanasayansi wa London walimtambulisha duniani mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo: okapi. Watu wa Ituri walikuwa wakimjua siku zote, bila shaka, lakini Ulaya ilishangaa. Mwaka uliofuata, 1902, Solingen ilianza kutoa kisu cha kukunja kilichoitwa Okapi, kikilengwa kwa makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Mbulu na Hanang wakati huo zilikuwa ndani ya koloni mojawapo, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yaani tulikuwa soko lililopangiwa kisu kabla hatujaulizwa.

Okapi kilikuwa, na bado ni, kisu cha bei rahisi: mpini wa mbao, ubao mrefu mwembamba, na kitanzi cha kuvuta ili kukifungua kifuli. Mwaka 1988 uzalishaji ulihamia Afrika Kusini na unaendelea huko. Chuma chake? Kaboni ya asilimia 0.55 hivi. Soma tena tarakimu hiyo, kisha irudie ya springi ya gari. Ni kundi lile lile. Kisu cha Solingen kilichovuka bahari na kisu cha mhunzi wa chini ya mgunga, kwa upande wa makali, ni binamu.

Kilichotofautiana ni mambo mawili. Moja ni ule mkunjo: pini, springi ya mgongoni na nafasi ndogo zinazotakiwa kulingana. Mashine inazilinganisha kirahisi, mvukuto na nyundo ni shida. La pili ni jina. Solingen walilijua hilo vizuri hadi mwaka 1938 sheria ikatungwa Ujerumani kulinda jina hilo: usiandike Solingen kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa Solingen. Gidang'odiga hawana sheria kama hiyo.

Laki 5 inakwenda wapi?

Ukipanda hadi kilele cha bei, utakutana tena na Afrika. Miongoni mwa visu vya kukunja vinavyoheshimiwa zaidi duniani ni Sebenza, cha Chris Reeve, fundi aliyetoka Afrika Kusini na kuhamia Marekani mwaka 1989. Kinauzwa zaidi ya dola 400. Jina lake ni neno la Kizulu lenye maana ya "fanya kazi". Inachekesha kidogo: kisu chenye jina la kazi ambacho wanunuzi wengi wanaogopa kukikwaruza.

Je, pesa hiyo ni bure? Hapana, tuwe wakweli. Kwanza unalipia chuma kingine. Mwaka 2001 kampuni ya Crucible ilitoa chuma kinachoitwa S30V, kilichotengenezwa kwa ajili ya visu. Kina kaboni karibu asilimia 1.45, kromiamu 14 na vanadiamu 4. Kromiamu inazuia kutu. Vanadiamu inaungana na kaboni na kutoa chembe ngumu mno zinazofanya makali yadumu. Kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, S30V hufikia 58 hadi 61, wakati kisu cha Victorinox ni 55 au 56.

Pili unalipia usalama wa vidole. Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjika katikati kwa makusudi, kazi yote ni kukizuia kisijifunge ukiwa unakata. Kifuli kizuri kinahitaji vipande vinavyokutana kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za milimita, na usahihi huo ni ghali. Hapa sitakudanganya: kifuli kibovu ni hatari kuliko kukosa kifuli kabisa, kwa sababu unakiamini.

Lakini zile chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea. Kisu cha Okapi au cha springi unakinoa kwa jiwe la mtoni na kuendelea na safari. S30V ikishakuwa butu huko Yaeda, jiwe la mtoni litakutesa, unahitaji noleo la almasi. Na pini ikilegea, bisi zake hazifunguki kwa bisibisi ya kawaida ya dukani Haydom au Katesh. Kisu kinadumisha makali muda mrefu, kweli, ila siku kikigoma hakuna jirani wa kukisaidia.

Basi, ununue?

Jiulize maswali matatu, yale yale ambayo mteja wa mhunzi amekuwa akiyajibu bila kuyaandika.

Kinakata nini? Kama ni kamba, matunda, mifuko ya sampuli na nyama ya jioni, kaboni ya asilimia 0.55 inatosha. Kama uko kwenye maji ya chumvi au unakata kitu kikali siku nzima, chuma kisichoshika kutu kina haki ya bei yake.

Lazima kikunjike? Mfukoni, kwenye basi, maabara, ndiyo. Porini, kisu cha kawaida chenye ala kinashinda kila kifuli, kwa sababu hakina cha kuvunjika.

Nani atakitengeneza? Kama jibu ni "nitakirudisha kiwandani nje ya nchi", ongeza nauli kwenye bei.

Kwa hesabu hiyo, mtafiti au mwanafunzi wa kawaida hahitaji kisu cha laki 5. Nunua cha kukunja cha bei ya wastani chenye jina linaloaminika, na ukifika nunua kisu cha springi kwa mhunzi. Muulize ni springi au nondo, kwa sababu nondo nyingi zina kaboni kidogo. Omba kukipitishia tupa kidogo kwenye makali: ikiteleza, kimekolea moto, ikila chuma kirahisi, kirudishe. Mhunzi mzuri hatachukia swali hilo. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, na visu vyote viwili bado vipo.

Na kama una laki 5 na unakitaka kwa sababu ni kizuri, kinunue. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi. Ila nakuomba jambo moja. Mtandaoni hukubishana bei hata senti. Ukifika mnadani na mhunzi akakutajia elfu kadhaa kwa kisu alichokifua kwa mkono, huku akijua kuzisoma nyuzi 800 kwa jicho tupu, utajisikia kuanza kupunguza: "punguza, mzee, ni chuma chakavu tu hicho." Kabla hujasema, kumbuka ule ukoo ambao kila mtu alitumia visu vyake na hakuna aliyetaka undugu nao. Dharau ile ilianza zamani, na sisi wasomi tunaweza kuiendeleza kwa mdomo mmoja tu wa kupatana bei.

Mlipe alichotaja. Kisha muulize alijifunzia wapi.