Onyo Lililodondoka Kwenye Kanda

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie kanda za video. Hasa zile za watu wanaoruka kutoka juu ya majengo au kujipiga shoti ya umeme huku rafiki ameshika kamera anacheka.

Nilipokuwa mdogo huku Manyatta, Embu, tulilipa shilingi tano kuingia kibanda cha video. Benchi za mbao, televisheni moja, deki moja. Jackie Chan ndiye alikuwa mfalme. Sinema ikiisha tu, mwenye kibanda aliitoa upesi aweke nyingine, maana kundi jingine lilikuwa linasubiri nje. Ni nilipofika chuoni ndipo nikagundua tulichokuwa tunakosa. Mwishoni, majina yakipita, Jackie Chan huonyesha ajali zilizotokea wakati wa kurekodi. Mwisho wa Armour of God (1986) unaona alivyoanguka kutoka mtini huko Yugoslavia, akavunjika fuvu. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshatoka nje kuiga. Mwenzetu mmoja aliruka kutoka kwenye mparachichi hadi paa la banda la mbuzi. Alirudi kwao mkono umevunjika.

Kumbe Wamarekani nao waliyapitia hayo hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Big Brother, jarida la wapenda skateboard, lilikuwa linatoa pia kanda za VHS. Johnny Knoxville alilirekodia akijaribu vifaa vya kujilinda juu ya mwili wake mwenyewe: dawa ya pilipili, shoti ya umeme, hata risasi akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Huko Pennsylvania, Bam Margera na marafiki zake walitoa kanda yao, CKY, mwaka 1999. Makundi haya yakaungana, na Oktoba 2000 Jackass ikaanza kwenye MTV. Onyo lilikuwepo: msijaribu nyumbani. Januari 2001 mvulana wa miaka 13 kule Connecticut akaungua vibaya akiiga. Seneta Joe Lieberman akalalamika, na MTV ikasogeza kipindi hadi baada ya saa nne usiku.

Sawa, lakini kanda na DVD hazijui saa nne. Aliyeshika rimoti ndiye mkuu wa kituo.

Sisi wa programu tungesema hivi: onyo la mwanzo na ajali za mwisho ni data iliyobandikwa pembeni ya faili. Ukiwa na haraka, hiyo ndiyo ya kwanza kudondoka.

Sasa twende Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa pesa kidogo sana. Hapo hatari ni ya kuigiza: bunduki za vyuma chakavu, damu ya rangi iliyojazwa kwenye kondomu. Waigizaji wenyewe waliuza DVD za sinema zao nyumba kwa nyumba. Kisha diski ya kompyuta ikajaa, na Nabwana akalazimika kufuta sinema ya awali apate nafasi ya kutengeneza nyingine. (Wenzangu, nakala rudufu!) Lililobaki ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, anayetania na kupiga kelele juu ya kila pigo tangu mwanzo hadi mwisho. Ndilo dunia nzima iliyoliona YouTube tangu 2015.

Hilo ndilo linalonifurahisha. Sauti ya VJ haiko pembeni, imechanganywa ndani ya sinema yenyewe. Huwezi kuona mtu akianguka bila kumsikia anayekukumbusha kwamba huu ni mchezo. Hata mwenye kibanda mwenye haraka hawezi kuikata.

Vibanda vingi vimefungwa. Siku hizi wadogo zetu wanaona vituko hivyo kwenye simu, vipande vya sekunde kumi na tano, havina mwanzo wala mwisho. Tunaotengeneza programu hizo tujiulize onyo tunaliweka wapi.

Na wewe je, uliwahi kuiga nini? Yule wa mparachichi ni fundi wa paa sasa. Siku hizi hutumia ngazi.